Damu ya Nyumba Yetu

Wasomaji wa gazeti hili wametuzoea kwa habari za shule, za hesabu na za bustani ya watoto. Leo twaomba ruhusa ya kuandika habari za pua. Asicheke mtu. Kwa pua hii tumekuwa tukimwaga damu tangu tulipokuwa na umri wa miaka tisa, na kwa kuificha habari yake nyumba yetu imezika mtu ambaye labda asingalizikwa.

Huku kwetu Ugogo, mvua ikisha kukatika mwezi wa Aprili au Mei, hatuioni tena hata Novemba au Desemba. Upepo wa Agosti huvuma na vumbi, midomo ikapasuka, na ngozi ikawa kama gome. Katika miezi hiyo mtoto ye yote aweza kutoka damu puani mara moja au mbili, wala si ajabu. Ndiyo sababu kwetu sisi jambo hili halikuonekana kuwa ugonjwa. Baba yetu alitoka damu, akasema ni joto la kichwa. Sisi tulitoka damu, tukamwagiwa maji utosini, tukalazwa chali, tukaimeza damu ile hata tukatapika. Umbu letu, ndiye mdogo wetu aliyetufuata kwa kuzaliwa, naye alitoka damu. Kaka yetu mkubwa peke yake hakutoka hata tone, akawa akitucheka.

Bibi yetu, mama yake baba, hatukumwona, ila habari zake tulizisikia vipande vipande. Yeye alitokwa na damu hata akawa hawezi kutwanga. Ramli ikapigwa, na ramli ikamtaja mke mwenziwe. Mama yule akafukuzwa pamoja na watoto wake wawili, akaenda zake upande wa magharibi, wala hakurudi. Baba alikuwa mtoto mdogo, akamwona akipita mlangoni na kibuyu chake. Hata alipobatizwa, baba aliacha kuiamini ramli, walakini hakupata neno jingine la kuliweka mahali pake. Akaona afadhali kunyamaza. Twadhani hapo ndipo ilipozaliwa desturi yetu ya kuficha, nasi tuliirithi pamoja na ile damu.

Mwaka 2012 watu walikuja kumposa umbu letu. Walikuwa watu wema, wa kijiji cha mbali kidogo, wanaosali kanisa moja nasi. Baba alituita kando, akasema, "Mwanangu, wewe mwalimu ndiwe utakayesema nao. Ya pua usiyataje." Mama naye alimfundisha binti yake kufua vitambaa usiku, na kuvianika mahali ambapo mkwewe hatapita. Wakati wa kupatana juu ya ng'ombe, mzee wao alituuliza kwa adabu, kama ilivyo desturi, "Je, Mwalimu, nyumba hii ina ugonjwa wo wote?" Tukajibu, "Haina." Tulilisema neno hilo mbele ya kasisi, na sauti yetu haikutetemeka.

Mwaka uliofuata umbu letu alimzaa mtoto mwanamume. Mwaka 2016 alikuwa na mimba ya pili, ya miezi saba, na alfajiri moja alianza kukohoa damu. Si damu ya puani; ilitoka kifuani, nyekundu, yenye povu. Walimpakia katika gari la mtu aliyekuwa akipeleka alizeti mjini. Hakufika. Wengine walisema ni kifua kikuu, na wengine walisema maneno ambayo baba yetu aliyasikia zamani alipokuwa mtoto. Sisi tulisimama kaburini tukaimba.

Na sisi wenyewe katika miaka hiyo tulikuwaje? Tulichoka. Tulipanda kilima cha shule tukipumzika mara tatu. Siku moja, tulipokuwa tukiita majina, damu ilidondoka juu ya daftari la mahudhurio ikafunika majina matatu. Tukabana pua kwa leso, tukaendelea kuita majina kwa sauti ya puani. Watoto wakacheka, nasi tulifurahi kwamba wanacheka. Tulitibiwa malaria. Tulitibiwa minyoo, maana minyoo nayo hula damu. Mara tatu tulichomwa ndani ya pua ili mshipa uzibe, na kila mara damu ilipata njia nyingine. Tulikuwa tukimeza aspirini kwa kuumwa kichwa, tusijue kwamba aspirini huizuia damu isigande. Yule mwanamke wa Injili ya Marko, aliyetumia mali yake yote kwa waganga asipate nafuu, tulikuwa tukimwona kama jirani yetu.

Mwaka 2019 tulianguka mbele ya ubao. Tukapelekwa hospitali moja ya misheni, na damu yetu ilipopimwa, wingi wake ulikuwa chini ya nusu ya ule umpasao mwanamume. Daktari alikuwa mzee, karibu na kustaafu. Hakuitazama pua kwanza. Alituambia tutoe ulimi, akawasha kurunzi, akaona vidoa vyekundu vyenye ukubwa wa kichwa cha pini, ulimini na ndani ya mdomo wa chini. Katika ngozi yetu nyeusi vidoa hivi havionekani upesi, na ndiyo sababu yafaa kuvitafuta kinywani. Akabonyeza kimoja kwa kipande cha kioo, kikafifia. Akaondoa kioo, kikarudi. Kisha akatuuliza neno ambalo hakuna aliyetuuliza kabla yake: "Mwalimu, kwenu ni nani mwingine atokaye damu?"

Tukajibu, "Hakuna." Tulijibu kwa mazoea, kama mtu aitikiavyo hodi. Mzee yule akangoja. Ndipo tukaona haya, tukamhesabia: bibi, baba, sisi, na umbu letu aliyekufa.

Ugonjwa huu madaktari huuita kwa majina ya watu watatu: Rendu wa Ufaransa aliyeandika habari zake mwaka 1896, Osler aliyeziandika mwaka 1901 huko Marekani, na Weber wa Uingereza mwaka 1907. Hukadiriwa kwamba mtu mmoja katika watu 5,000 anao. Kama kadiri ni hiyo hiyo kwetu, basi katika watu zaidi ya milioni 61 waliohesabiwa Tanzania mwaka 2022, wenzetu wamezidi 12,000, na wengi wao yawezekana wanamwagiwa maji utosini hata leo. Alama zake ni nne, zilizotangazwa mwaka 2000, na huitwa alama za Curaçao, kwa jina la kisiwa cha bahari ya Karibi ambako ugonjwa huu umeonekana katika jamaa nyingi. Daktari alizihesabu kwa vidole: damu ya puani ijayo mara kwa mara pasipo kupigwa, vidoa vyekundu, mishipa iliyoharibika ndani, kama mapafuni, inini, ubongoni au tumboni, na mzazi, ndugu au mtoto mwenye ugonjwa uo huo. Mwenye tatu kati ya hizo ni mgonjwa kwa yakini. Sisi tulikuwa na tatu kabla hajatutazama mapafu.

Twataka kueleza kasoro yenyewe, maana kwa kuielewa tulipata amani kidogo. Damu hutoka moyoni kwa nguvu kwa njia ya mishipa minene ya kuta imara, iitwayo ateri. Ateri hugawanyika, ikagawanyika tena, hata ikawa vimishipa vyembamba kuliko unywele, viitwavyo kapilari. Humo damu hupoa mwendo, ikatoa chakula na hewa, kisha ikarudi kwa mishipa ya vena, ambayo kuta zake ni nyembamba. Ninyi mliozaliwa huku mwayajua makorongo yetu. Maji ya kilimani yakipita kwanza katika matuta na majani, hufika shambani polepole. Pasipo matuta hushuka kwa ghadhabu yakabomoa kingo. Mwenye ugonjwa huu, mahali pengine mwilini mwake hana kapilari. Ateri humwagia damu ndani ya vena moja kwa moja, na ukuta mwembamba wa vena hutanuka na kupasuka. Puani, vumbi la Agosti latosha kuupasua.

Mapafuni hatari ni nyingine. Kapilari za mapafu ni chujio pia, nazo huzuia vipande vidogo vya damu iliyoganda na vijidudu vilivyoingia katika damu. Palipo na njia ya mkato, takataka hizo hupita, zikaenda mpaka ubongoni, zikaleta kiharusi au jipu la ubongo. Kwa hiyo mgonjwa mwenye njia hiyo akienda kung'olewa jino hupewa kwanza dawa ya kuua vijidudu. Na mwanamke mwenye njia hiyo akishika mimba, damu yake huongezeka na mishipa hutanuka, na katika miezi ya mwisho mshipa wa pafu waweza kupasuka.

Daktari alipofika hapo aliacha kusema, kwa kuwa alituona. Tulimwomba atuambie kama ungaliweza kujulikana mapema. Akasema ndiyo, hujulikana, na aghalabu mshipa huweza kuzibwa kabla ya mimba.

Hatutaki kuficha tena lo lote, basi na tuseme jinsi tulivyofanya. Tulirudi nyumbani, tukamweleza baba, tukamweleza kaka, tukamweleza mama wa watoto wetu. Kwa wakwe wa umbu letu hatukwenda. Tulijiambia kwamba msiba umepoa, kwamba watadai ng'ombe, kwamba wataitupa heshima ya mwalimu barabarani. Mtoto wake, mpwa wetu, alikuwa huko na miaka sita. Tulijua sheria ya ugonjwa huu: mzazi mwenye nao, kila mtoto wake ana nafasi sawasawa ya kuurithi au kutourithi, kama sarafu irushwayo, na kwa kila mtoto hurushwa upya. Tuliwafundisha watoto wa darasa la saba hesabu ya nafasi kwa mfano wa sarafu hiyo hiyo, na bado hatukwenda.

Katika muda huo sisi tulitibiwa, tena vizuri. Mapafu yalipimwa kwa njia ya ajabu kidogo: maji ya chumvi hutikiswa pamoja na hewa mpaka yafanye mapovu madogo, yakapigwa sindano katika mshipa wa mkono, na daktari akatazama moyo kwa mashine ya mawimbi ya sauti. Kwa mtu mzima wa mapafu, mapovu huishia upande wa kuume wa moyo, kwa kuwa chujio la mapafu huyazuia. Yetu, baada ya mapigo machache, yalitokea upande wa kushoto kama chuya katika ungo. Picha nyingine zikaonyesha njia moja chini ya pafu la kulia. Mwaka 2022 tulikwenda Dar es Salaam. Mrija mwembamba ulipitishwa katika mshipa wa paja, ukapanda mpaka moyoni, ukaingia pafuni, na mahali pale pakazibwa kwa uzi wa madini uliosokotwa kama chemchemi ya kalamu. Tulikuwa macho wakati wote. Ufundi huu umeanza kufundishwa katika Chuo Kikuu cha Muhimbili tangu mwaka 2019, na twamshukuru Mungu kwa vijana wanaojifunza.

Pua haiponi kabisa, lakini hutunzwa. Asubuhi na jioni twaisafisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, yenye chumvi kidogo, kisha twapaka mafuta mazito ndani yake isikauke. Damu ikija twaketi, twainamisha kichwa mbele, twabana sehemu laini ya pua kwa dakika kumi au kumi na tano tukipumua kwa kinywa, wala hatuachii kila mara kuchungulia. Walimu wenzetu, msiwalaze watoto chali. Kuna vidonge vya asidi traneksamiki visaidiavyo damu kuganda, navyo tumevitumia. Kuna dawa ya sindano iitwayo bevasizumabu, iliyotengenezwa kwa ajili ya saratani, ghali sana kwetu. Na mwaka 2024 ilitangazwa kwamba dawa ya pomalidomidi imepunguza damu ya pua kwa wagonjwa waliojaribiwa. Hiyo ni ndugu ya talidomidi, ambayo zamani iliharibu watoto tumboni, kwa hiyo mwenye mimba asiiguse kamwe.

Majirani walituletea mlenda, maini na maji ya choya. Tuliwashukuru, na tulikula. Walakini fanyeni hesabu pamoja nasi, maana ndiyo kazi yetu. Nusu lita ya damu ina madini ya chuma kama miligramu 200 hata 250. Mwili hupata kutoka katika chakula miligramu moja au mbili kwa siku. Basi damu tuliyoimwaga katika mwezi mmoja mbaya yataka siku mia na zaidi kuirudisha kwa chakula, na kabla hazijatimia mwezi mwingine mbaya umekwisha fika. Ndiyo sababu tulipewa chuma cha vidonge, kisha chuma cha dripu, na tukaambiwa tusinywe chai pamoja na chakula. Mara mbili tuliongezewa damu, na aliyekwenda kuitoa kwa ajili yetu ni kaka yule asiyetoka hata tone. Yeye hakuurithi ugonjwa, na watoto wake hawataupata kwake. Siku hizi hacheki.

Mwaka huu binti yetu, mwenye miaka kumi, alianza kutoka damu. Hatukungoja. Tulimpeleka kupimwa kwa mapovu, na tulipokuwa tumeketi bawabu akiita majina, alituuliza, "Baba, na mtoto wa shangazi yeye atapimwa lini?" Tukasema, "Nyamaza, tutaitwa sasa." Akanyamaza. Mapafu yake yalikuwa mazima, na atapimwa tena baada ya miaka michache. Lakini njia yote ya kurudi hatukuweza kuzungumza naye.

Wanafunzi wa Bwana walimwuliza, juu ya mtu aliyezaliwa kipofu, ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Mara nyingi tumelihubiri somo hilo mbele ya watoto wa shule, tukiwaonyesha kwamba ugonjwa si malipo ya uovu wa mtu. Kurithi damu hii si kosa la nyumba yetu. "Haina" lilikuwa neno letu wenyewe.

Jumamosi moja tulikwenda, sisi na kaka. Shemeji hakuwako, alikuwa mjini kazini. Mzee tulimkuta chini ya mkwaju wake akisuka kamba. Akatupa viti, akatupa maji, akatuuliza habari za baba yetu. Tukasema, "Mzee, mwaka 2012 ulituuliza neno, nasi tukakujibu uongo." Kisha tukamweleza yote, tangu bibi.

Hakuikatiza habari. Tulipokwisha, aliuliza, "Mlijua kwamba aweza kufa?"

"Hatukujua, mzee."

"Na tangu mlipojua?"

"Miaka sita."

Akainuka, akaingia nyumbani. Kaka akatutazama, kwa kuwa sote wawili tulidhani amekwenda kutwaa fimbo. Akarudi na kurunzi, na mkono wa pili amemshika mpwa wetu, mrefu sasa, mwenye macho ya mama yake. Akasema, "Mwonyeshe mjomba wako ulimi."

Mtoto akatoa ulimi. Vidoa havikuwapo, wala hatukutazamia kuviona, maana mara nyingi huonekana mtu akiisha kuwa mkubwa. Mzee akazima kurunzi, akasema polepole, "Hutoka damu tangu mwaka juzi. Tukaona tusiwaambie, msije mkasema kwamba hatumtunzi."

Tutaondoka naye shule zitakapofungwa mwezi wa Juni. Mzee amesema atakuja pamoja nasi, na nauli yake atailipa mwenyewe.